Seva inapotea mtandaoni: pa kuanzia kabla ya kumpigia mtoa huduma

Juzi nimeitwa Shangani hapa Mtwara, ofisi iko hatua chache kutoka baharini. Seva inakatika mtandao kutwa, na karani ameshagombana na mtoa huduma hadi sauti imekauka. Mtoa huduma wa watu hakuwa na kosa.

Hatua ya 1: jua panapokatika. Kwenye seva (hapa nazungumzia ya Linux) endesha ping mbili kwa pamoja, yaani amri ya kubisha hodi kwenye kifaa kingine ili kuona kama kinajibu, moja kwenda kwenye ruta (kwa wengi ni 192.168.1.1), nyingine kwenda 8.8.8.8 (anwani ya Google, huko nje). Ziache. Mtandao ukikata na zote zikanyamaza, ugonjwa uko ndani. Ruta ikijibu, ya nje ikanyamaza, hapo sasa piga simu. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, hakuna kebo ya ofisini ambayo ingekuokoa.

Hatua ya 2: andika sudo dmesg -T, usome kumbukumbu za mfumo. Ukikuta "Link is Down" halafu "Link is Up", achana na mipangilio, shika kebo. Endesha pia ip -s link. Namba za errors zikipanda huku unazitazama, chomoa ukague kichwa. Pale Shangani pini zilishaota kutu ya kijani kwa upepo wa chumvi. Wapo wanaokwangua kwa kisu. Usifanye hivyo, unaondoa ile dhahabu nyembamba inayozuia kutu. Kata, bana kichwa kipya pande zote mbili, na uhamie tundu jingine la swichi, maana nalo limeshakula chumvi.

MASWALI

Fundi, kebo yangu inatoka ghala la korosho hadi ofisini, kama mita 140. Ni mpya kabisa. (Lindi)
Upya hausaidii. Kebo ya shaba mwisho mita 100. Weka swichi katikati au vuta faiba.

Mimi mtandao upo, ila SSH (ninayoingilia kwenye seva nikiwa mbali) nikiiacha kimya inaganda. (Newala)
Ruta imeusahau muunganisho wako. Linux yenyewe husubiri sekunde 7200 ndipo ibishe hodi. Kwenye kompyuta yako, faili la ~/.ssh/config, weka ServerAliveInterval 60, ibishe hodi kila sekunde 60.

Yetu inakufa kijana mmoja akiwasha laptopu yake tu. Tumemzuia kuingia nayo. (Masasi)
Mmemwonea, dada. Laptopu yake ikiwa imewashwa, chomoa kebo ya seva, kisha piga ping anwani ya seva ukiwa kompyuta nyingine. Ikijibu, ruta imempa kijana anwani ileile. Ihamishie seva kwenye anwani ambayo ruta haigawi, na laptopu irudi kazini.