Kusafiri kwa ndege na makafi ya kayaki: pima urefu kwanza, kilo baadaye

Kafi la kayaki ya mtoni halizidi sana kilo moja. Ukilishika unaona jepesi, unadhani uwanja wa ndege hautakusumbua. Kinachokwamisha watu kaunta ni urefu. Utaratibu huu ndio tunaoufuata tukitoka Nairobi kwenda Entebbe kwa maporomoko ya Nile kule Jinja, au Livingstone kwa ajili ya Zambezi.

Hatua ya 1: Pima kabla ya kulipa tiketi

Kwa mashirika mengi, begi la kawaida ni lile ambalo urefu, upana na kimo vikijumlishwa havipiti sentimita 158, na uzito usiozidi kilo 23 kwa daraja la kawaida. Kafi la kipande kimoja la sm 197 limeshakataliwa hata hujagusa upana. Kafi hilohilo likiwa la vipande viwili linaingia kwenye begi la sm 110 kwa 28 kwa 18, jumla 156. Wapiga makafi wa mashua za dragoni (zile ndefu za mashindano, zenye asili ya China) wana nafuu: kafi lao la mashindano ya kimataifa ni kati ya sm 105 na 130, hivyo begi jembamba linalimeza zima.

Wakongwe wa mtoni hawapendi kafi lenye kiungio, yaani la vipande viwili vinavyochomekana. Watakwambia linaongeza gramu na mwishowe huanza kucheza. Ni kweli. Ila kwa anayepanda ndege kila msimu, bado ningemshauri anunue la kiungio, na lile zima alibakize kambini.

Hatua ya 2: Pata jibu la maandishi

Orodha za vifaa vya michezo hutaja gofu, skii na baiskeli. Kafi mara nyingi halimo, kwa hiyo uamuzi unabaki kwa atakayekuwa zamu siku hiyo. Mwandikie barua pepe mtu wa huduma kwa wateja, taja vipimo na kilo, uliza ada ya kwenda na ya kurudi, kisha chapisha jibu ukae nalo karatasi mkononi. Kama safari ina ndege mbili za mashirika tofauti, uliza kote kuwili.

Ukimalizia na ndege ndogo kama Cessna Caravan kutoka uwanja wa Wilson, Nairobi, kikomo cha kawaida ni kilo 15 na mabegi laini tu. La kipande kimoja lisahau.

Hatua ya 3: Osha, kausha

Toa mchanga ndani ya kiungio kwa brashi kuukuu ya meno. Chembe chache tu zikibaki, kesho yake kafi haliunganiki au halitoki. Na kama unaelekea New Zealand, vifaa vilivyotumika mtoni vinatakiwa kutajwa kwenye fomu ya kuingia, na tope huwafanya wakaguzi wakuweke kando.

Hatua ya 4: Fungasha

Hapa usiwe na haraka. Sehemu inayoumia ni ukingo wa bapa, ile sehemu pana inayosukuma maji, hasa ncha, kisha mdomo wa kiungio.

Nenda kwa mafundi wa friji na AC, nunua ile sponji nyeusi ya kuvalisha mabomba. Ipasue kwa urefu wake, uivishe ukingoni kuzunguka bapa lote. Usiifunge kwa selotepu, kwani gundi yake hung'ang'ania kwenye kaboni. Kata vipande vya tyubu kuukuu ya baiskeli, vya upana wa vidole viwili, uzungushe huku ukivivuta. Tyubu inakaza, haiachi alama, na ukifika unaitumia kufungia kitu kingine.

Laza mabapa mawili yakipakatana kama vijiko droo, katikati weka taulo. Soksi moja ichomeke kwenye tundu la kiungio, nyingine uvalishe mdomo wa upande wa pili ili kile kitufe cha chemchemi kisigongwe. Kisha lizungushie jaketi la kuokolea maisha na sketi ya kayaki (kile kitambaa cha kiunoni kinachozuia maji yasiingie). Helmeti nzima ikae upande wa ncha, ibebe pigo la kwanza begi likitupwa.

Begi lenyewe? Begi la gofu. Kwenye mitumba ya masoko ya Gikomba na Toi, Nairobi, hupatikana mazima kabisa, na moja linatosha makafi mawili ya vipande viwili. Bomba la plastiki la maji ambalo wengine hulisifu silipendi: bapa la kafi lina upana wa sm 20 hivi, halipiti kwenye bomba la kawaida. Halafu Dubai, ambako wengi wetu tunabadilishia ndege, tangu Machi 2017 mzigo wa kawaida unatakiwa uwe na angalau upande mmoja ulio bapa, na bomba la mviringo halina.

Mifuko ya hewa ya kuifanya kayaki ielee na ubao wa kujaza upepo, acha vali wazi.

Hatua ya 5: Tenganisha vya mkononi na vya tumboni mwa ndege

Kafi usijaribu kuingia nalo ndani. Mkaguzi atalihesabu na marungu. Kagua bega la jaketi la kuokolea, kile kisu cha kukatia kamba husahaulika hapo. Kiende na mzigo mkubwa. Pawabenki na betri za akiba za pampu ya umeme ni kinyume chake: mkononi tu, na zikizidi Wh (wati-saa) 100 zinahitaji ruhusa ya shirika. Jaketi linalojijaza kwa gesi nalo liombee ruhusa mapema. Mtungi wa gesi ya kupikia haupandi kabisa.

Hatua ya 6: Kaunta

Fika muda wa saa tatu kabla ya ndege kuondoka. Sema kwa ufupi: "Habari ya kazi, dada. Hili ni begi la makafi, sentimita 156, kilo 14. Ruhusa yenu hii hapa." Usiseme "mbao" wala "vyuma", utafunguliwa begi bure. Soma herufi za lebo kabla halijaondoka: EBB ni Entebbe, LVI ni Livingstone. Wakikupa lebo ya kusaini, isome, kwani nyingine inasema ukivunjikiwa ni shauri yako.

Hatua ya 7: Ukifika

Mzigo mrefu mara nyingi hautoki kwenye mkanda, hutolewa mlango wa pembeni. Fungua begi hapohapo ukumbini, pitisha kidole ukingoni mwa kila bapa. Ukikuta ufa, piga picha, jaza ripoti ya mzigo kwenye dawati lao kabla ya kutoka, ubaki na nakala. Chini ya Mkataba wa Montreal, ule wa kimataifa unaoyawajibisha mashirika ya ndege, dai la uharibifu hupelekwa kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu upokee mzigo, na la kuchelewa ndani ya siku 21. Kiwango cha juu cha fidia ya mizigo kwa abiria, tangu 28 Desemba 2024, ni SDR 1,519 (SDR ni kizio cha fedha cha IMF), kwa hiyo risiti ya kafi la kaboni isafiri nawe, picha yake ikiwa kwenye simu.