Acheni kumwagilia mmea wa nyoka kila siku, mnaozesha mizizi

Nimetumiwa tena picha ya mmea wa nyoka, ule wa ndani wenye majani marefu manene yaliyosimama, jani limelala pembeni ya chungu, chini limekuwa la njano na laini utadhani limepikwa, na swali ni lile lile, afisa, mmea wangu unakauka, niongeze maji kiasi gani? Usiongeze hata tone. Huo haukauki, unaoza, na umeozeshwa na maji ambayo ulikuwa unaupa kwa nia njema kabisa.

Naandika leo kwa sababu kosa ni hili hili moja na watu wanapoteza mimea mizuri ya miaka mitano, sita, kwa kosa hilo. Mambo ya kuupanda, kufuta vumbi kwenye majani, kuuzungusha upate mwanga pande zote, hayo mnayajua siyarudii. Tuongee maji.

Kwanza muelewe mnaishi na mmea gani. Asili yake ni Afrika Magharibi ya kitropiki, na umeumbwa kuvumilia ukame. Lile jani nene ni tanki la maji, na chini ya udongo kuna shina nene lenye rangi inayokaribia chungwa, nalo ni tanki jingine. Vitundu vyake vya kupumulia mmea huu unavifungua zaidi usiku, mchana wa joto unavifunga, kwa hiyo maji yanayopotea ni kidogo sana ukilinganisha na maua mengine ya ndani. Sasa wewe unauwekea kikombe cha maji kila asubuhi, unafikiri yanaenda wapi? Hayaendi kokote, yanakaa pale chini. Na mizizi inahitaji hewa kama wewe, udongo ukilowa muda wote hewa inaisha, mizizi inakosa pumzi inaanza kufa, halafu vimelea vya uozo kama Pythium na Fusarium vinamalizia kazi. Ukija kuona jani limelainika huku juu ujue huko chini kazi ilishaanza siku nyingi.

Na hicho kikombe kidogo kidogo ndicho kibaya kuliko vyote, nalisema hili kwa ukali kwa sababu nimelisema mara nyingi na bado watu wanafanya. Mnaona kama mnauonea huruma, kidogo kila siku, usizidiwe. Kumbe udongo wa juu unakauka ndani ya siku mbili tatu, unagusa kwa kidole unaona pakavu, unaongeza tena, na sentimita 12 au 15 kule chini bado pana tope la wiki mbili zilizopita. Kidole kinaishia sentimita 3 mpaka 5, hakijui habari za chini. Acha kidole.

Tumia kijiti. Kijiti chochote kikavu cha mbao, chembamba, kirefu cha kufika kitako cha chungu. Kichomeke pembeni karibu na ukuta wa chungu, sio katikati usije ukatoboa lile shina nene, kishushe taratibu mpaka kiguse chini kabisa, kisha kiache dakika 10. Dakika 10 kweli, sio kuchomeka na kuchomoa. Kitoe ukiangalie ncha ya chini, kikiwa na rangi ya unyevu au udongo umeng'ang'ania basi rudisha maji yako jikoni, pima tena baada ya siku 7. Kikitoka kikavu na kisafi kuanzia juu mpaka chini ndio siku ya kumwagilia imefika. Ukishazoea utakuwa unanyanyua chungu tu unajua kwa uzito, chungu kikavu kinakuwa chepesi mpaka unashangaa.

Siku hiyo ikifika sasa usibane. Mwagilia kweli kweli. Chungu cha upana wa sentimita 15 kinachukua kama nusu lita, maji ya joto la kawaida la chumba, mimina polepole kuzunguka pembeni mpaka uone yanatoka kwenye matundu ya chini. Usimimine katikati pale majani yanapokutana, maji yakituama pale kitovu kinaoza, na jani ambalo kitovu chake kimeoza haliendelei tena kurefuka. Ukimaliza subiri dakika 15 halafu mwaga maji yote yaliyobaki kwenye sahani ya chini. Nimesema dakika 15, wengine wanaacha mpaka kesho yake wanasema mmea utayanywa wenyewe, hautayanywa, utaogelea.

Kuhusu siku ngapi, maana najua mtauliza: ukiwa karibu na dirisha lenye mwanga mzuri na joto la nyuzi 25 mpaka 30 mara nyingi kijiti kitatoka kikavu baada ya wiki 2 au 3, ukiwa kona yenye giza inaweza kuwa wiki 4, na msimu wa baridi nyuzi zikishuka chini ya 18 utasubiri wiki 5, 6, hata zaidi. Hizo namba ni za kukukumbusha kwenda kupima tu. Usiziandike kwenye kalenda halafu ukafunga macho ukamwaga maji, kwa sababu chungu cha udongo kinakauka haraka kuliko cha plastiki, na mmea ulioko gizani unakunywa kidogo sana. Mtu anausogeza kutoka dirishani anaupeleka kwenye korido lakini maji anaendelea kutoa yale yale, miezi miwili mmea chali.

Sasa hapa ndio pananiumiza zaidi, dalili za kukosa maji na za kuzidiwa maji zinafanana ukiangalia harakaharaka. Jani linajikunja na kufanya makunyanzi kwa urefu, unasema kiu hiyo. Inawezekana. Lakini mmea ambao mizizi imeoza nao unafanya makunyanzi hayo hayo, kwa sababu hauna tena mizizi ya kunyonyea, uko ndani ya maji na una kiu. Ukiongeza hapo umeumaliza. Kwa hiyo kabla hujashika jagi bonyeza jani pale linapoingia kwenye udongo. Pakiwa pagumu na udongo mkavu mpaka chini, ni kiu, upe maji na baada ya siku kadhaa linajaa. Pakiwa laini, pana njano au kahawia, au ukinusa pana harufu mbaya, ni uozo, weka jagi chini.

Chungu nacho kinachangia. Kisicho na tundu chini sikitaki kukisikia kabisa, na wale mnaosema nimeweka kokoto chini hivyo maji yanashuka kule, hapana jamani, maji hayapendi kutoka kwenye udongo laini kuingia kwenye kokoto, yanasimama juu ya zile kokoto na tope linakuwa limesogea karibu zaidi na mizizi. Toboa tundu, au panda kwenye kopo la plastiki lenye matundu ulitumbukize ndani ya hicho chungu cha urembo, na siku ya kumwagilia ulitoe. Upana uzidi bonge la mizizi kwa sentimita 3 mpaka 5 basi, chungu kikubwa kinabeba udongo mwingi ambao mizizi haiufikii na haukauki. Mchanganyiko ni sehemu 2 za udongo wa kupandia, sehemu 1 ya mchanga wa chembe kubwa uliooshwa, sehemu 1 ya pelaiti au pamisi, vile vijiwe vyepesi vyenye vitundu. Mchanga laini kama unga usitumie, unashikana.

Kama umeshaozesha fanya hivi leo leo. Toa mmea wote, kung'uta udongo wa zamani uutupe, usiutumie tena. Futa kisu kwa spiriti ya asilimia 70, kata kila mzizi na kila shina lililolainika mpaka ufike kwenye nyama ngumu isiyo na doa la kahawia, na kila mkato futa kisu upya, msiruke hapo. Vipande vilivyooza tupa mbali na paka, mbwa na watoto, mmea huu una sumu iitwayo saponini, ukitafunwa unatapisha. Kisha uache juu ya gazeti kivulini siku 2 mpaka 3 vidonda vikauke vifanye gamba, ndipo upande kwenye mchanganyiko mpya mkavu, na maji ya kwanza utoe baada ya siku 7, mbolea usiguse mpaka uone ukuaji. Ukiona kichipukizi kinatoboa udongo, umepona.

Ikiwa mizizi yote imekwisha lakini majani juu ni magumu, kata majani vipande vya sentimita 8 mpaka 10, weka alama upande wa chini maana ukikipanda juu chini hakioti, kausha siku hizo hizo 2 au 3, chomeka sentimita 3 kwenye mchanganyiko wenye unyevu kidogo tu. Mizizi inaweza kuchukua mwezi mmoja mpaka miwili na chipukizi miezi kadhaa, usikivute kila wiki kuangalia. Na wenye ile aina ya kingo za njano mjue mapema, ukiotesha kwa kipande cha jani mtoto atatoka wa kijani bila zile kingo, ukizitaka kingo lazima uokoe kipande cha shina la chini chenye jani lake, hata kama ni kidogo kama kidole gumba.