Namna ya Kuchunguza Historia na Jiografia ya Kaunti ya Custer, Nebraska

Anza na ardhi kabla ya watu. Tafuta ramani ya kaunti hii ya jimbo la Nebraska, Marekani, ufuatilie mito ya Middle Loup na South Loup, kisha utazame vilima vya mchanga vilivyo kaskazini-magharibi, ambako ufugaji wa ng'ombe ulishinda kilimo kwa sababu mchanga ule, ukiondolewa nyasi, hupeperushwa na upepo. Utaona pia miraba ya upimaji wa ardhi: kila mraba wa maili moja una ekari 640, na miraba 36 hufanya kitongoji kimoja cha upimaji. Jifunze namba za miraba hiyo vizuri, kwani bila hizo hati za ardhi hazisomeki.

Kaunti iliundwa mwaka 1877, na makao yake makuu ni Broken Bow. Sheria ya mwaka 1862 ilimpa mlowezi ekari 160 iwapo angeishi hapo na kulima kwa miaka 5, hivyo majalada ya maombi ya ardhi hiyo, yanayotunzwa na Nyaraka za Taifa za Marekani, hueleza nyumba, visima na mazao ya kila familia. Kwa kuwa sehemu kubwa ya sensa ya 1890 iliharibika baada ya moto wa 1921, tumia ile ya 1885 na ya 1900.

Usiache picha za Solomon Butcher, aliyeanza mwaka 1886 kupiga picha za familia mbele ya nyumba za udongo wenye mizizi ya nyasi. Kwangu hakuna ushahidi unaozidi huo. Kuza kila picha, uchunguze paa, mifugo na zana.