Kukagua Katamarani Kubwa ya Kifahari: Anzia Ngamani, Saluni Iache Mwisho

Kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Methali hiyo, ya kwamba mwishowe hurudi tumboni mwa chombo, hunijia kila dalali anaponivua viatu na kunikaribisha saluni, yaani sebule ya chombo, kwenye makochi meupe na kaunta ya mawe. Kazi yangu ni ukaguzi wa vyombo vya matanga, na kwa katamarani (vyombo vya miili miwili sambamba) za mita 18 kwenda juu nafuata mpangilio mmoja: nakagua kwanza kinachobeba uzito, kisha kinachopendeza macho. Adui wa chombo hiki ni uzito, na kila anasa unayoiona ndani ina kilo zake.

Hatua ya 1: Piga hesabu kabla ya kusafiri

Mwombe muuzaji namba mbili: uzito wa chombo kikiwa kitupu, na uzito wa juu kabisa unaoruhusiwa kikiwa na mzigo wote. Tofauti ya hizo mbili ndiyo haki yako ya mzigo. Sasa anza kuipunguza. Lita 1,000 za maji ni kilo 1,000; lita 1,000 za dizeli ni kama kilo 850. Ongeza watu, mizigo yao, chakula, mashua ndogo na injini yake, mnyororo wa nanga. Wanunuzi wengi hushtuka kuona haki yote imeliwa kabla hawajapakia hata godoro.

Hapo hapo ulizia mahali pa kukipandisha nchi kavu. Lagoon 620, kwa mfano, ina urefu wa mita 18.9 na upana wa mita 10. Mashine nyingi za kunyanyulia vyombo hazina nafasi ya upana huo. Ukinunua bila kujua wapi kitapandishwa, hata kupaka rangi ya chini, ile inayozuia mwani, kutakuwa safari ya mbali.

Hatua ya 2: Tazama mstari wa maji kikiwa gatini

Usipande bado. Zunguka kwa mashua ndogo, uangalie rangi ya chini inaishia wapi na maji yanafika wapi.

Niliwahi kukagua chombo cha mita 20 ambacho mwani ulikuwa umeota vidole vinne juu ya mwisho wa rangi. Mwenyewe alikuwa ameongeza bafu la maji moto juu ya paa, kompresa ya kuzamia, friza mbili na mashua kubwa kuliko ya awali. Miili ya katamarani ni myembamba. Kwa ukubwa ule, takriban nusu tani hukizamisha sentimita moja. Vidole vinne vile vilikuwa tani kadhaa. Nilipopita chini ya daraja, ile sakafu inayounganisha miili miwili, nikakuta nyufa nyembamba kama nywele, zimetawanyika kutoka katikati. Chombo kikizama, daraja husogelea maji, na kila wimbi hulipiga kwa nguvu. Kwa ukubwa huu napenda kuona nafasi ya mita 1 hivi kati ya daraja na maji, mizigo ikiwa imepakiwa. Ikipungua sana, tarajia kishindo usiku kucha na mafundi wa faiba kila mwaka.

Hatua ya 3: Kipandishe, ukigonge

Faiba ya vyombo hivi aghalabu ina tabaka mbili na kiini katikati, cha povu au cha mbao ya balsa. Chukua nyundo ndogo ya plastiki, ugonge taratibu kila baada ya kiganja kimoja. Palipo pazima hulia kwa ukali. Pakibadilika sauti ikawa nzito kama unagonga kadibodi, tabaka zimeachana au maji yameingia. Zungushia chaki, kisha hakikisha kwa kipima unyevu. Usiruke maeneo yaliyotobolewa kwa vifaa: vyuma vya sitaha, madirisha, na matundu ya dharura ya kutokea chombo kikipinduka. Balsa iliyolowa huoza kimyakimya.

Hatua ya 4: Viambaza

Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu kuliko pengine popote. Baharini kila mwili hupanda wimbi lake, na chombo kizima hutaka kujisokota. Kinachozuia ni viambaza, zile kuta za ndani zilizogandishwa kwenye miili kwa vipande vya faiba. Fungua makabati, nyanyua sakafu, toa magodoro. Tumia tochi na kioo kidogo. Unatafuta mstari mweupe pale kiambaza kinapokutana na mwili, rangi mpya iliyopakwa sehemu moja tu, au vumbi la faiba chini yake. Muuzaji akikwambia paneli fulani haifunguki, mwombe kwa heshima aifungue. Asipokubali, andika kwenye ripoti kwamba hapakukaguliwa.

Hatua ya 5: Mlingoti na injini

Chombo cha mwili mmoja hulala upepo ukizidi, na nguvu ikapungua. Katamarani hailali, nguvu yote huishia kwenye waya za mlingoti. Waya za chuma kisichoshika kutu zikifikisha miaka 10 hivi, kampuni nyingi za bima huanza kudai zibadilishwe, kwa hiyo risiti ya mara ya mwisho ni sehemu ya bei. Angalia michirizi ya kutu kwenye mabamba yanayoshika waya.

Injini ziko mbili, basi na hesabu ni mara mbili. Kama ni za seildraivu, yaani mguu wa propela unaopita wima kwenye tundu la sakafu ya mwili, ulizia tarehe ya mpira unaozuia maji yasiingie hapo: kati ya watengenezaji wa injini, Volvo Penta hupendekeza ubadilishwe kila miaka 7, Yanmar kila miaka 2. Peleka sampuli ya oili maabara.

Hatua ya 6: Safari ya majaribio

Nenda na upepo wa kutosha, kilomita 25 hadi 30 kwa saa. Injini zikimbize hadi mwisho kwa dakika kadhaa, moja moja, uone kama zinafika mizunguko iliyoandikwa na hazichemki. Halafu zima, pandisha matanga.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote hakihitaji kifaa. Gatini, fungua na ufunge kila mlango wa ndani. Chombo kikiwa kimebanwa na upepo, rudia. Mlango uliokuwa ukifunga kwa kidole sasa unakwaruza fremu? Mwili unajisokota kuliko inavyopasa, na unarudi hatua ya 4.

Hatua ya 7: Karatasi

Tafuta namba ya utambulisho iliyochongwa nyuma, upande wa kulia, yenye tarakimu na herufi 14, uilinganishe na usajili na cheti cha mtengenezaji. Kwa vyombo vya soko la Ulaya, sheria ya 2013/53/EU huvigawa kwa madaraja ya uwezo wa kuhimili bahari. La safari za bahari kuu ni A, yaani upepo unaoweza kuzidi nguvu ya 8 ya Beaufort, kipimo cha nguvu za upepo, na mawimbi ya zaidi ya mita 4. Sheria hiyo inaishia urefu wa mita 24. Zaidi ya hapo kanuni ni nyingine. Hakikisha hakuna benki inayokidai, na mkataba useme arubuni yako inarudi ukaguzi ukienda vibaya.

Hatua ya 8: Sasa ingia saluni

Papasa kingo za madirisha makubwa na dari iliyo juu yake, utafute unyevu. Washa jenereta, viyoyozi vyote, jiko na mashine ya kuondoa chumvi kwenye maji, vyote kwa pamoja, uviache saa nzima. Gusa vifuniko vya nyaya kuu; kinachochoma mkono kiandike. Kisha kaa kwenye lile kochi jeupe, usome orodha yako ya kasoro, na kila moja uiwekee gharama kabla hujataja bei.