Kobe mchanga akizubaa nyumbani kwako, mpe joto kabla ya majani

Wiki chache zilizopita mama mmoja wa Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda, alinipigia simu jioni. Mpwa wake alirudi likizo kutoka upande wa Moroto, katika nchi kavu ya Karamoja, akiwa na kobe mdogo, gamba lake linaenea kiganjani, akawaachia watoto. Siku ya nne ikafika, kobe amejikunyata, macho amefumba, hatembei wala hali. Walikuwa wamemjaribu kwa sukuma wiki, ndizi mbivu, hata mkate uliochovywa kwenye maziwa. "Daktari, nimfungue mdomo kwa kijiko?"

Nikamwambia, "Hapana mama, kijiko kiweke chini. Kwanza niambie, analala wapi?" Akajibu kwamba analala jikoni, ndani ya karai, juu ya sakafu ya saruji.

Basi ugonjwa ulikuwa hapo. Kabale iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na usiku joto hushuka mara nyingi hadi nyuzi 10 au 12. Kule Karamoja alikotoka ni nchi ya jua kali na nyasi kavu. Kuku na mbuzi hutengeneza joto ndani ya miili yao. Kobe hulichota juani na ardhini. Akipoa, moyo unapiga polepole, misuli inalegea na tumbo linaacha kusaga. Ukimlazimisha kula katika hali hiyo, chakula kinachacha tumboni, au kinapotea njia kikaingia mapafuni. Ndiyo maana nasisitiza mpangilio: joto, kisha maji, na chakula baadaye.

Wapo wanaosema anapumzika tu, kwa kuwa wamesikia kobe hulala miezi mizima wakati wa baridi. Hao ni kobe wa nchi zenye majira ya theluji. Kobe wetu madoa, yule mwenye gamba la manjano lililotapakaa mabaka meusi, hana usingizi huo. Akizubaa siku nyingi kwenye ubaridi, anadhoofika.

Mfugaji aliyewahi kulea vifaranga anaijua kazi hii tayari. Kifaranga wa siku moja huhitaji nyuzi 32 hadi 35 chini ya taa, na kobe mchanga anapenda joto hilohilo mahali pake pa kuotea. Tafuta boksi la mbao lenye urefu wa mita moja hivi. Upande mmoja ning'iniza balbu ya kizamani yenye waya ndani, ya wati 60, kwa sababu hizi balbu mpya za kuokoa umeme hazitoi joto la maana. Upande wa pili uache bila taa, ubaki nyuzi 24 au 25, ili akishiba joto asogee mwenyewe. Pima kwa kipimajoto cha banda la vifaranga, ukikiweka chini pale kobe anapokaa. Kile cha kupimia homa ya mtoto hakifai, kinaanzia nyuzi 35. Zile taa nyekundu za kuku za wati 250 nazo ni kali mno kwa boksi dogo, zitamkausha. Na usimweke pamoja na vifaranga wenyewe: watamdonoa macho, naye anaweza kuwaachia bakteria wa salmonela.

Taa iwake kwa muda wa saa kumi na mbili mchana, izimwe usiku. Umeme ukikatika, au kama huna kabisa, jaza kidumu cha lita tano maji ya moto, kifunge vizuri, kizungushie blanketi na ukiweke pembeni ndani ya boksi. Maji yabadilishwe kabla ya kulala. Lakini sigiri ya mkaa isiingie chumbani. Hewa yake inaua kobe na inaua watu.

Jua ndilo dawa kuu, na Uganda tunalo bure. Mtoe nje asubuhi jua likishapasha ardhi, akae nusu saa hadi saa moja kwenye nyasi ndani ya uzio mdogo, na nusu ya uzio iwe na kivuli. Kumweka dirishani nyuma ya kioo hakutoshi, kwa kuwa kioo huzuia ule mwanga unaomsaidia kutengeneza vitamini D na kujenga gamba kwa chokaa, yaani kalsiamu. Usimwache juani ndani ya karai au beseni. Hawezi kutoka, na akipinduka chali anakufa kwa joto wakati wewe uko shambani. Simama karibu pia kwa sababu ya kunguru, mbwa na wale karoli, yaani korongo wakubwa wa jalalani, maana kobe wa ukubwa huu kwao ni tonge moja.

Akishapata joto, muogeshe. Weka maji ya uvuguvugu kwenye sahani pana, yasipite kidevu chake akiwa amesimama, umuache dakika 15 hadi 20. Fanya hivyo kila siku kwa wiki mbili za kwanza. Utamwona anainamisha kichwa na kunywa kwa muda mrefu, na mara nyingi anajisaidia humohumo. Akitoa kitu cheupe, usiogope, ni sehemu ya mkojo wake. Kikiwa laini kama dawa ya meno, sawa. Kikiwa na chembe ngumu kama mchanga, amekaukiwa, endelea kumuogesha. Mfute akauke kabla ya kumrudisha. Ndani ya boksi tandika udongo safi uliochanganywa na nyasi kavu, na pembe moja umwekee kijificho chenye udongo mbichi kidogo. Ubichi pamoja na joto unamjengea gamba lililo sawasawa, lisilo na vichuguu. Ubichi pamoja na baridi unamletea kichomi. Mchanga mtupu usitumie, ataumeza umzibe tumbo.

Chakula ni jambo jepesi kuliko watu wanavyodhani, maana kobe huyu kwa asili anakula nyasi kama ng'ombe. Nyasi laini na magugu ya uani ndiyo mlo wake: ukoka, kishona nguo kichanga, mchunga, majani ya mforosadi, majani na maua ya hibiskasi, vipande vya mpungate ulioondolewa miiba. Vikate vidogo umwekee asubuhi akiwa ameshaota joto. Sukuma wiki na kabichi mara mojamoja tu, dodo, yaani mchicha, vilevile, kwa kuwa dodo hushika chokaa isifike kwenye mifupa. Chokaa yenyewe mpe kwa kuchemsha maganda ya mayai, kuyakausha na kuyasaga, kisha unyunyize kiasi kidogo mara tatu kwa wiki. Mkate, posho, maziwa, nyama na chakula cha kuku wa mayai usimpe. Ovakado ni sumu kwake. Kwa wakazi wa Kabale naongeza hili: msikate nyasi kandokando ya mashamba ya viazi, yale hupigwa dawa karibu kila wiki.

Kama gamba la nyuma la kobe wako linakunjika kwa bawaba, huyo ni wa aina nyingine. Anapenda kivuli na unyevu zaidi, na hula pia uyoga, konokono na minyoo.

Halafu mwacheni apumzike. Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini huyu mgeni mpe wiki mbili nzima. Watoto wamtazame, wasimbebe mikononi kutwa, na kila anayemgusa anawe kwa sabuni. Gamba ni mfupa hai wenye mishipa, anahisi likiguswa na anaumia likitobolewa. Nimeona kobe waliotobolewa gamba ili wafungwe kamba kama mbuzi, na vidonda vile huoza kwa ndani. Rangi na mafuta ya kupaka pia viacheni. Usiku boksi likae juu ya meza, miguu ya meza ndani ya makopo ya maji, kwa sababu siafu wakimkuta mnyama asiyeweza kukimbia hawambakishi.

Kobe aliyekuwa na baridi tu huanza kufumbua macho na kutembea ndani ya siku tatu au nne. Usisubiri siku hizo ukiona mapovu puani, akihema mdomo wazi na shingo ameinyoosha, macho yamevimba, au gamba linabonyea na umri wake umepita mwaka. Hizo ni dalili za kichomi au mifupa laini, na zinahitaji daktari wa mifugo.

Na hapa kuna jambo ambalo nalirudia kila ninapokutana na wafugaji. Dawa ya minyoo ya ivermectin, ile tunayowachoma ng'ombe na mbuzi, ni sumu kwa kobe. Inampooza na kumuua. Mwambie daktari kabla hajavuta sindano. Kupe wa kobe mtoe kwa kibano, mmojammoja, usimnyunyizie dawa ya kuogeshea ng'ombe. Kupe hao wasidharauliwe, kwani baadhi yao hubeba ugonjwa wa maji moyo unaoua mbuzi na ng'ombe. Marekani ilipiga marufuku kuingiza kobe madoa mwaka 2000 kwa sababu hiyohiyo. Mkague mgeni shingoni na mapajani kabla hajakanyaga malisho yako.

Yule mama nilimweleza pia kwamba mpwa wake amekosea. Kwa Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019, mnyamapori ni mali ya taifa, na kumfuga kunahitaji kibali cha UWA, Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda. Kumvusha mpaka wa Katuna kuingia Rwanda bila karatasi ni kosa jingine. Aliyekwisha kuwa na kobe nyumbani apige simu ofisi ya UWA iliyo karibu, wamwelekeze. Kituo cha wanyama cha Entebbe kina wataalamu wanaopokea wanyama wa namna hii. Kumtupa msituni Kabale si kumrudishia uhuru, baridi itamuua au ataambukiza wengine.

Wakati anasubiri majibu, nilimwomba anunue daftari. Kila Jumamosi asubuhi, kabla ya kuoga, kobe apimwe kwenye mizani ya jikoni na gramu ziandikwe pamoja na alichokula. Akipungua sehemu moja kati ya kumi ya uzito wake, safari ya kwa daktari isingoje. Amfunge ndani ya boksi lenye taulo na chupa ya maji ya uvuguvugu pembeni, abebe daftari, asimtie kwenye kaveera, ile mifuko ya plastiki, juu ya boda boda.