Pima hali ya wanafunzi na matokeo yao kwa daftari na kalamu

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, chumba cha walimu hugeuka baraza. "Watoto wa wavuvi hao, baba yuko dago, nani wa kuwasimamia?" (Dago ni kambi ya wavuvi, mbali na nyumbani.) Na mimi nilikuwa msemaji mzuri wa maneno hayo hapa Pemba, mpaka siku niliyokaa na rejista. Tangu hapo nafanya hivi.

Hatua ya 1. Chagua jambo moja tu la kulinganisha na matokeo: jinsia, umbali, au kazi ya mlezi.

Hatua ya 2. Andika pointi, usiandike divisheni (daraja la ufaulu). Baraza la Mitihani la Tanzania huhesabu masomo saba bora. A ni 1, F ni 5, kwa hiyo pointi huanzia 7 hadi 35, na chache ndiyo bora. Divisheni ya nne peke yake imebeba 26 mpaka 33. Mwenye 26 kakosa pointi moja tu kuingia ya tatu, lakini kwenye divisheni anaonekana sawa na wa 33.

Kisha chora safu: namba ya mwanafunzi (jina liache), jinsia, shehia (mtaa au kijiji chake), anaishi na nani, kazi ya mlezi, siku alizokosa. Umbali uulize kwa dakika za kutembea, maana kilomita hazijui. Kazi nayo ina mtego: mtu huyo huyo analima, anavua, na msimu ukifika anachuma karafuu. Uliza ipi ilileta pesa zaidi mwaka huu. Na muulize mmoja mmoja, faraghani. Hakuna mtoto atakayesema mbele ya wenziwe kwamba mama kaachika na yeye analelewa na bibi.

Hatua ya 3. Panga pointi za kila kundi kutoka ndogo hadi kubwa, uchukue ya katikati. Kundi lisilofika watu kumi usilihukumu.

Hatua ya 4. Ligawe tena kundi lililobaki nyuma. Hapa ndipo nilipoumbuka. Watoto wa wavuvi walikuwa nyuma kweli, lakini nilipowagawa kwa mahudhurio, waliokuja kila siku walikuwa sambamba na watoto wa wafanyakazi wa serikali. Siku walizokosa wengine zilirundikana kwenye miezi ya karafuu, na msimu mkubwa mara nyingine huangukia karibu na mtihani wa Novemba. Dago nililisingizia bure.

Ila rejista nayo si ya kuaminiwa yote. Palikuwa na msichana wa mstari wa pili, hajakosa hata siku moja, na pointi zake mbaya. Nilipomsogelea kumwamsha, vidole vilinuka karafuu. Wavulana hukwea mikarafuu kuchuma mchana, wakaonekana hawapo. Wasichana huchambua karafuu usiku, kuzitenga na makonyo (vijiti vyake), asubuhi wakaja skuli kulala. Nikaongeza safu: jana usiku ulifanya nini?

Hatua ya 5. Peleka majedwali kwenye kikao cha wazazi, bila jina la mtu. Usiwahutubie, waonyeshe, kisha nyamaza. Kwetu bibi mmoja aliuliza, "Mwalimu, zikilala bila kuchambuliwa zikaharibika, utazinunua wewe?" Sikuwa na jibu. Wakajadiliana wenyewe, wakapatana: wa kidato cha nne aachiwe baada ya sala ya isha, zilizobaki wamalizie watu wazima.