Kabla ya Kuanza Kurahisisha Mitajo ya Aljebra

Mwanafunzi anayekwama kwenye 7a − 3(a − 4) + 2a mara nyingi hakwamishwi na herufi. Anakwamishwa na namba hasi alizozipita harakaharaka. Kwa hiyo kabla hujagusa herufi yoyote, jipime: 5 − 8 ni ngapi? Na −3 × −4? Ukisitasita, rudi huko kwanza, hata kama wenzako wameshafika mbali.

Jua pia herufi ni nini. Wengi tuliambiwa a ni maembe na b ni machungwa, ndiyo maana havijumlishiki. Mfano huo unafaa siku ya kwanza tu, maana ikija a × a, embe mara embe ni kitu gani? Herufi inashika nafasi ya namba. Ichukulie a kuwa bei ya embe moja na b bei ya chungwa moja: 3a ni bei ya maembe matatu, na 3a + 2b inabaki hivyo kwa sababu hatujui bei zenyewe. Ukishaliona hilo, hutashangaa kwamba a peke yake ni 1a, kwamba ab na ba ni kitu kimoja, na kwamba a² haichanganywi na a.

MAGAZIJUTO (Mabano, Gawanya, Zidisha, Jumlisha, Toa) unaijua tangu shule ya msingi, lakini ina mtego. Kwa kuwa JU imetangulia TO, wapo wanaochukua 10a − 3a + 2a, wakajumlisha 3a na 2a kwanza, wakapata 5a. Jibu ni 9a. Kujumlisha na kutoa vina hadhi sawa. Unatoka kushoto kwenda kulia.

Halafu alama. Kila alama ni mali ya kinachoifuata, na ukihamisha kipande, kinahama nayo. Mimi huwataka wanafunzi wazungushie duara kila kipande pamoja na alama yake ya mbele, kwa penseli, kabla ya kuandika hatua yoyote. Katika mfano wetu, −3 inazidisha vyote vilivyo ndani ya mabano: inatoa −3a, kisha +12. Hapa ndipo wengi huandika −12. Sasa tuna 7a − 3a + 12 + 2a, yaani 6a + 12. Usiendelee kuifanya 18a.

Mwisho, uwe na njia ya kujihakiki bila kumsubiri mwalimu: weka namba mahali pa herufi. Usitumie 1, kwa sababu 6a + 12 na 18a zote zitakupa 18 na kosa litajificha. Hata 2 inadanganya, maana a² na 2a zote huwa 4. Tumia 3. Swali letu linakuwa 21 − 3(−1) + 6, yaani 30, na 6 × 3 + 12 ni 30.